Besi Haina Uso

Spika ya besi ni sanduku la mbao lenye koni kubwa, mara nyingi ya inchi 12 au 15, linalotoa sauti nene za gitaa la besi, za ngoma ya mguu na za mkono wa kushoto wa kinanda. Uzi mnene kuliko zote wa gitaa la besi la nyuzi nne, ukipigwa bila kubanwa, hutetema mara 41 kwa sekunde. Sauti husafiri mita 343 kwa sekunde katika hewa ya nyuzijoto 20, na karibu mita 355 joto likifika 40. Ukigawanya, wimbi moja la mlio huo linazidi mita 8. Kwa hiyo kanisa la mabati lenye upana wa mita 6 huko Kakuma, Turkana, ni dogo kuliko wimbi moja la noti inayopigwa ndani yake.

Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayobeba mambo yote yanayofuata. Sauti huelekea upande unaotazamwa na spika pale tu wimbi lake linapokuwa dogo kuliko spika yenyewe. Sauti nyembamba, kama mchakacho wa matoazi au herufi “s” kinywani mwa mhubiri, zina mawimbi ya sentimita chache. Hutoka mbele kama mwanga wa tochi, na aliyesimama nyuma ya spika huzipata kwa shida. Wimbi la mita 8 halilioni sanduku la nusu mita. Hulizunguka kama maji ya laga, mto wa msimu, yanavyolizunguka jiwe, kisha huenda mbele, nyuma, kushoto na kulia kwa nguvu karibu sawa. Spika ya honi iliyo juu ya mnara wa msikiti au juu ya gari la krusedi ina uso: humtazama mmoja na kumpa mwingine kisogo. Besi haina uso.

Suala la mahali pa kuiweka huachiwa fundi wa mitambo, na vitabu vya ufundi hulimaliza kwa kurasa mbili tatu. Katika nyumba ya ibada halimaliziki upesi hivyo, kwa sababu ibada ni maneno yenye mwelekeo: yanakwenda kwa Mungu, kwa waumini, pengine kwa wasioamini. Chombo kisichoelekezeka kikiingizwa katika kazi ya kuelekeza maneno, linazuka swali la dini na la falsafa: sauti ya ibada ni ya nani, na nani anabeba dhamana ya mtu inayemfikia ilhali hakuna aliyekusudia kumwambia neno?

Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ni mahali panapofaa kuliulizia swali hilo. Lodwar, makao makuu ya kaunti kando ya mto Turkwel, ina makanisa ya mawe na saruji, misikiti, na viwanja vya wazi vinakofanyika mikutano ya injili. Ndiyo pia makao ya jimbo Katoliki lililoundwa mwaka 1978. Takriban kilomita 120 kaskazini-magharibi, kwenye barabara iendayo Lokichoggio, iko Kakuma, ambako kambi ya wakimbizi ilifunguliwa mwaka 1992 walipowasili vijana waliokimbia vita vya Sudan. Mwaka 2016 makazi ya Kalobeyei yakaongezwa jirani. Humo Wakongomani wanaabudu kwa magitaa na mtindo wa sebene, Wasudan Kusini kwa ngoma kubwa za ngozi, Waethiopia wa Orthodox kwa ngoma ya kebero, na Wasomali wanaitana kwa adhana. Wote wako mwendo wa dakika chache kutoka kwa wenzao, na kinachowatenganisha ni bati, turubai na ua wa miiba.

Kanuni ya kwanza ya fundi ni kwamba mahali hupandisha sauti kabla ya kitufe. Spika iliyoning'inia hewani hutawanya nguvu zake pande zote. Ikiwekwa sakafuni, sehemu ambayo ingeshuka inarudishwa juu, na msukumo wa hewa huongezeka hadi mara mbili, yaani desibeli 6. Ikisogezwa ukutani, inapata nyongeza nyingine ya kiasi hicho. Ikisukumwa kwenye kona, nyingine tena. Hizo ni hesabu za nadharia, kwenye saruji nzito na kona kamili, lakini hata nusu yake ni mali. Kupata desibeli 6 kutoka kwenye amplifaya kunahitaji kuongeza nguvu za umeme mara nne. Mahali ambapo umeme unatoka kwenye jenereta inayokunywa petroli, au kwenye betri za sola zilizochaji mchana, kona ya ukuta ni wati za bure.

Ushauri huo, hata hivyo, uliandikwa na watu wa nyumba za mawe. Ukuta wa mawe wa sentimita 20 una uzito wa mamia ya kilo kwa kila mita mraba, na uzito ndio unaozuia sauti nene. Bati la geji 30 lina kilo mbili na kitu. Kwa besi ya chini kabisa, bati hilo ni kama chandarua kwa mwanga: lipo, linaonekana, na halizuii kitu. Hivyo spika iliyobanwa kwenye kona ya kanisa la mabati haipati zawadi inayoahidiwa vitabuni. Sehemu kubwa ya ile nguvu inapita hadi nje, kwenye nyumba ya jirani. Na bati lenyewe huanza kulia kwa misumari iliyolegea, mlio mkali wa kukereza usio besi hata kidogo, ila ukumbi mzima huamini kwamba besi imejaa. Fundi wa Kakuma anayejua kazi yake hukaza misumari kwanza, ndipo ashike vitufe. Katika jengo kama hilo sakafu ndiyo ukuta pekee wa kuaminika, iwe ya saruji au ya udongo ulioshindiliwa.

Katika kanisa la mawe la Lodwar tatizo hugeuka. Ukuta mzito hurudisha wimbi, na wimbi linalorudi hukutana na linalotoka. Spika ikiwa mbele ya ukuta kwa umbali wa robo ya urefu wa wimbi, mawimbi hayo mawili hukutana yakiwa kinyume na kufutana. Mchana wa joto, umbali wa mita 2.2 hivi unaua uzi wa E, mita 1.6 inaua uzi wa A wenye mitetemo 55, na mita 1.2 inaua D. Mpiga besi huona noti moja imezama, akadhani ameipiga vibaya au uzi umechoka, kumbe ni ukuta ulio nyuma yake. Dawa ni kuisogeza spika hadi iguse ukuta au kuipeleka mbali kabisa nao. Ile katikati inayoonekana ya busara, hatua moja au mbili mbele ya ukuta, ndiyo mbaya kuliko zote. Wanakwaya huipenda kwa sababu inaacha njia ya kupita.

Kuta mbili zinazotazamana huongeza jambo jingine. Kanisa lenye upana wa mita 8.5 linaukaribia sana urefu wa wimbi la E. Noti hiyo hujikusanya kwenye kuta na katikati ya ukumbi, na karibu kupotea kabisa kwa aliyeketi mita 2 na kidogo kutoka ukutani. Waumini wawili wa benchi moja, mmoja akiegemea ukuta na mwingine watu wanne kutoka kwake, wanahudhuria ibada mbili tofauti. Mmoja atalalamika kwamba besi inamuua, mwenzake ataomba iongezwe, na kamati ya muziki itawaona wote wawili wakorofi.

Jukwaa la mbao lenye uwazi chini lenyewe ni ngoma. Spika ikiwekwa juu yake, mbao hupokea mtetemo na kuvuma kwa noti zake zenyewe, na kipaza sauti cha mhubiri huokota mvumo huo kupitia stendi yake. Hapo spika hushushwa chini kando ya jukwaa, au huwekewa kipande cha godoro. Kreti za soda pia hutumika, na kwa sababu nzuri: sentimita 30 za kreti si kitu mbele ya wimbi la mita 8, kwa hiyo besi ya chini haipungui, lakini zile sauti za katikati zinazomwonyesha mpigaji kidole chake kimegusa wapi zinapanda kuelekea sikioni. Nyuma ya mimbari ndipo mahali pa mwisho pa kufikiria, kwa kuwa maikrofoni ya mhubiri hugeuka sikio la pili la besi. Hata umeme wenyewe una noti yake. Mvumo wa mitetemo 50 unaoingia kwenye nyaya mbovu unaikaribia sana G ya chini yenye mitetemo 49, na mpigaji akiishikilia noti hiyo hewa huyumba mara moja kila sekunde. Kuna wasikilizaji wanaoupenda myumbo huo.

Kero kubwa ya jukwaani hutokana na magoti. Mpiga besi husimama hatua moja mbele ya spika iliyo chini, inayopiga sauti zake za juu kwenye magoti yake. Hajisikii vizuri, kwa hiyo anaongeza. Mpiga kinanda hajisikii tena, naye anaongeza. Anayepiga ngoma hana kitufe, anaongeza mikono. Baada ya nyimbo tatu mzee wa kanisa anainuka kuwaonya vijana juu ya kiburi. Lakini kinachodhaniwa kuwa dhambi, mara nyingi, ni jiometri: spika ikilazwa nyuma kidogo itazame kichwa cha mpigaji, au mpigaji akisogea mita mbili, sauti hushuka bila mahubiri. Jambo hili lina uzito wake katika falsafa ya maadili. Kabla ya kuhukumu nia ya mtu, ni haki kuuliza amesimamishwa wapi. Anayeendelea kuongeza sauti baada ya kuwekwa anapojisikia vizuri, huyo ndiye wa kuonywa, na si wengi wanaobaki hapo.

Swali gumu zaidi linahusu kinachotokea ndani ya mwili. Sikio la mwanadamu ni zito kwa sauti nene: mlio wa mitetemo 40 unahitaji takriban desibeli 50 kabla haujaanza kusikika, ilhali wa mitetemo 1,000 husikika kwa mbili tatu. Ili besi isikike sawasawa na kwaya lazima ipewe nguvu nyingi, na nguvu hizo kifua na tumbo huzihisi hata kabla sikio halijazipima. Katika ibada ya Kipentekoste mwili unaotetemeka una maana. Muumini anayehisi kifua chake kikisukumwa wakati kwaya inapoingia kwenye pambio anaweza kusema, bila kudanganya, kwamba ameguswa. Ameguswa na nani?

Majibu mawili ya haraka yapo, na yote mawili ni mepesi mno. La kwanza linasema Roho hutumia chochote, hivyo spika ni chombo chake. La pili linasema ni fizikia tupu, na anayelia anadanganywa na sanduku. Kanisa Kuu la Lodwar limepewa jina la Mtakatifu Augustino, na ni Augustino huyo huyo aliyelitazama swali hili bila kulikwepa, katika kitabu cha kumi cha Maungamo yake, mwishoni mwa karne ya nne. Alikumbuka jinsi nyimbo za kanisa zilivyomtoa machozi alipokuwa ameongoka karibuni, akazishukuru. Kisha akakiri kwamba kuna nyakati uimbaji unamgusa kuliko kinachoimbwa, na nyakati hizo anajiona ametenda dhambi na angependa asimsikie mwimbaji. Alimtaja pia Athanasio wa Aleksandria, aliyemtaka msomaji wa zaburi apandishe na kushusha sauti kidogo sana hata ikakaribia kuwa ya kuzungumza. Augustino hakuondoa muziki kanisani. Alijiacha katikati, akiyumba kati ya hatari ya raha na faida aliyokwisha kuionja mwenyewe, na pengine ni heshima kwa swali kuliacha likiyumba.

Kipimo chake kinaweza kutumika Kakuma bila kubadilishwa: ni kipi kinachomgusa muumini, wimbo au mtikisiko? Bahati ni kwamba huko kipimo hicho hufanyika chenyewe. Jenereta huzimika. Kwaya ya Wakongomani inayoimba kwa magitaa hujikuta ghafla na sauti za watu, makofi na ngoma, na kila aliyeketi anaweza kuangalia kilichobaki kifuani mwake. Pambio linapoendelea, na mara nyingi huendelea, besi ilikuwa imebeba kitu kisicho chake. Likikatika pamoja na umeme, hilo nalo ni jibu.

Si kweli kwamba sauti nene iliingia ibadani pamoja na spika. Kebero ya Waethiopia ni ngoma kubwa yenye nyuso mbili, moja pana na nyingine ndogo, na hupigwa polepole kwanza kisha kwa kasi. Ngoma za makanisa ya Wasudan Kusini husikika mbali kuliko mahubiri yao. Waturkana wenyewe hawahitaji hata ngoma. Katika mchezo wa edonga, miguu ya wengi hutua ardhini kwa pamoja baada ya kuruka, makofi yakigawa mapigo, na ardhi iliyokauka hujibu kwa mshindo unaosikika nyayoni. Hiyo ni besi isiyo na waya. Akuj, Mungu wa Waturkana, anafikiriwa yuko juu, kwenye mbingu inayoleta mvua, ilhali mshindo unashuka chini. Ila kuna tofauti moja kubwa kati ya mshindo wa edonga na wa spika: wanaousikia ni wanaoufanya, au wamekuja kuutazama. Nguvu yake inatoka miguuni mwa watu waliopo, na ukomo wake ni uchovu wao. Spika haichoki.

Kama Mungu mwenyewe angehitaji sauti kubwa, mjadala ungeishia hapo. Dini zenye watu wengi Turkana zinakana jambo hilo. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, Eliya anawadhihaki manabii wa Baali mlimani Karmeli, akiwaambia wapaze sauti zaidi kwani huenda mungu wao yuko safarini au amelala. Na sura inayofuata, akiwa Horebu, anapitiwa na upepo, tetemeko na moto, naye Bwana hayumo humo, kisha ndipo unakuja mnong'ono. Upande wa Waislamu, Hadithi iliyopokewa na Abu Musa al-Ash'ari inawaonyesha masahaba wakipaza takbira safarini, na Mtume akiwataka wajihurumie, kwa maana hawamwiti kiziwi wala asiyekuwepo. Ni kweli kwamba Zaburi ya 150 inaagiza tarumbeta, matari na matoazi ya kishindo. Lakini hata hiyo inaagiza shangwe ya wanaosifu. Haisemi kwamba Mungu hasikii vizuri. Hapo swali linapungua nusu. Desibeli zote za ibada ni kwa ajili ya masikio ya wanadamu, na wanadamu hao ni wa makundi mawili: walio ndani na walio nje.

Walio nje huko Turkana wana mashaka ambayo mji wa milimani hauna. Mchana jua huchoma mchanga, hewa ya chini huwa ya moto kuliko ya juu, na sauti hupinda kuelekea angani. Mtu aliye mita mia chache huweza asisikie mkutano anaouona. Usiku mchanga hupoa haraka chini ya anga lisilo na mawingu. Hewa ya chini sasa ndiyo baridi, na sauti hupindwa irudi ardhini, ikisafiri mbali isivyotarajiwa. Zaidi ya hayo, kati ya nyanda za juu za Ethiopia na za Kenya hupita mkondo wa upepo wa kusini-mashariki ambao wanasayansi wa hali ya hewa huuita kwa jina la Turkana, na nguvu zake huwa kubwa usiku hadi alfajiri. Upepo nao hupinda sauti ishuke upande unakoelekea. Mkesha wa maombi unaoanza saa nne usiku huwa umechagua, pasipo kujua, saa ambayo besi inafika mbali kuliko zote, na jirani wa kaskazini-magharibi ndiye anayeipokea.

Sheria ipo. Kanuni za Kenya za mwaka 2009 kuhusu kelele na mitetemo, zilizotungwa chini ya sheria ya mazingira ya 1999, zinaweka kikomo cha usiku cha desibeli 35 katika makazi na katika maeneo ya nyumba za ibada, usiku ukihesabiwa kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Na Katiba ya 2010 imezipa kaunti kazi ya kudhibiti kelele. Lakini kipimo kinachotumika ni kile kinachoiga sikio, kiitwacho A, na kwa mlio wa mitetemo 40 kipimo hicho hupunguza desibeli 35 hivi kabla ya kuandika namba. Mashine ya afisa inaweza kuonyesha kwamba mambo ni shwari huku kitanda cha bati cha jirani kikitetemeka. Sheria, kwa namna ilivyojengwa, ni nusu kiziwi kwa besi. Kilichobaki kinaangukia dhamiri.

Dhamiri ya kidini ina mazoea ya kujitetea kwa nia. Nia yetu ni kuabudu, atasema mchungaji, wala hatukukusudia kumnyima mtu usingizi. Utetezi huo una mzizi wa kweli katika dini zote mbili, lakini besi ndiyo inayouonyesha upungufu wake. Nia ina uso: inamtazama Mungu na waumini. Sauti iliyotumwa na nia hiyo haina uso. Thomas wa Akwino, katika karne ya 13, akizungumzia mtu anayejikinga na mshambuliaji, alieleza kwamba tendo moja linaweza kuwa na matokeo mawili, moja lililokusudiwa na jingine lililo nje ya kusudio. Hata hivyo tendo lenye nia njema linaweza kuharamika likizidi kiasi kinachohitajika kufikia lengo. Kwa spika ya besi hoja hiyo hukata kama wembe. Usingizi uliopotea wa jirani haukukusudiwa, sawa. Lakini kama waumini wangesikia vile vile spika ikitolewa kwenye kona ya bati, ikapelekwa katikati ya sakafu karibu na kwaya na kushushwa kitufe robo, basi kuiacha konani ni kuzidisha kiasi. Kuanzia hapo jirani hatajwi tena kama ajali. Ni chaguo.

Mapokeo ya Kiislamu yanalo tukio linaloligusa jambo hili kwa ukaribu wa kushangaza. Aya ya 110 ya sura Al-Isra inaagiza sala isipazwe sana wala isififizwe sana, bali itafutwe njia ya katikati. Ibn Abbas alieleza sababu ya kushuka kwake: Mtume alipokuwa Makka akisali kwa kujificha, sauti ikipanda, washirikina waliisikia na kuitukana Qur'ani, ikishuka mno, masahaba walioko nyuma yake hawakuisikia. Njia ya katikati basi haikuwa wastani wa ladha. Ilikuwa kipimo chenye mipaka miwili inayojulikana: safu ya mwisho ya waumini, na mtu wa kwanza aliye nje. Imamu mwenye koo tupu anaweza kuipata njia hiyo kwa sikio lake mwenyewe. Anayetumia spika hawezi, kwa sababu amesimama mahali ambapo mpaka wa pili hausikiki.

Lawama hii haiwaangukii wapiga gitaa peke yao. Honi za adhana na za mahubiri ya asubuhi zina ukali wao, nazo huamsha watu. Lakini honi inaweza kugeuzwa digrii chache, na mgogoro ukaisha kwa ngazi na spana. Majirani wawili wanaogombana kuhusu honi wanagombania mwelekeo. Kuhusu besi hawana mwelekeo wa kugombania, na ndiyo maana ugomvi wa besi hupanda haraka hadi kwenye dini na kabila. Kila upande huona kwamba mwenziwe anafanya makusudi, kwa kuwa mtu hushindwa kuamini kwamba kitu kilichomtikisa kitandani hakikumlenga yeye.

Ufundi unayo njia ya kuipa besi kitu kinachofanana na uso. Spika mbili zinazofanana hupangwa moja nyuma ya nyingine, kwa umbali wa robo ya wimbi la noti inayosumbua zaidi. Kwa mitetemo 60, kama mita moja na nusu. Ya nyuma hubadilishiwa nyaya, chanya ikawa hasi, na hucheleweshwa kwa muda ule ule ambao sauti ya mbele inauchukua kuifikia, yaani takriban milisekunde 4. Upande wa nyuma mawimbi hukutana yakiwa kinyume na kufutana. Upande wa mbele, kuchelewa mara mbili na kugeuzwa nyaya hurudiana, na sauti hujumlishwa. Kwenye uwanja wa wazi wa Lodwar mpango huu hufanya kazi vizuri, kwa kuwa hakuna kuta za kuuvuruga, na nyumba zilizo nyuma ya jukwaa hupata nafuu kubwa. Gharama yake ni spika ya pili, chaneli ya pili ya amplifaya, na miksa inayoweza kuchelewesha sauti. Mtu anaweza kuona ajabu kwamba nusu ya vifaa imenunuliwa ili watu fulani wasisikie kitu.

Makanisa mengi ya kambini yana spika moja, ya kununuliwa kwa michango. Kwao kazi hufanyika kwa utepe wa kupimia na miguu. Spika huwekwa sakafuni, mbali na bati, karibu na ngoma ili mguu na besi vitoke mahali pamoja, ikiwa imelazwa kidogo kuelekea kichwa cha mpigaji. Besi hukatwa kwenye maikrofoni zote za kuzungumzia. Kisha mpigaji hushikilia E ya wazi, na mtu mwingine huzunguka: kwanza benchi hadi benchi, akitafuta mahali noti inapozama na inapofura, halafu nje, ua hadi ua, akisimama penye milango ya watu. Spika husogezwa nusu mita, na mzunguko hurudiwa. Zoezi hili hufanywa saa ile ile ibada itakapokuwapo, kwa sababu besi ya saa tisa alasiri na besi ya saa sita usiku hazifiki mahali pamoja.